Miezi Ile Tuliyokataa Noti

Glory na Baraka,

Siku mliponiaga mlinitaka niandike ninayoyajua kuhusu kazi yetu kabla sijayasahau. Nimechelewa kwa sababu mstaafu, kumbe, hana nafasi. Watu wakishajua huendi kazini wanakuweka kwenye kamati: ya harusi, ya mfereji, ya paa la kanisa. Leo mvua imeharibu njia ya kupanda kwangu hapa Akeri, hakuna atakayekuja kuniita kikaoni, basi nimekaa mezani.

Vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo dukani kwetu vilikuwa viwili, mwenye duka na wengine, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu unafanana na wenu.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na minane, nimetoka chuo cha mifugo na cheti changu kwenye bahasha ya kaki. Duka la dawa za mifugo lilikuwa hapo hapo Ngarenaro lilipo sasa, katikati ya fundi wa mabodi ya magari na mshona magodoro. Mzee Hamadi, aliyelianzisha, asili yake Tanga. Baba yake aliendesha malori na ndiye aliyemleta Arusha akiwa mdogo. Mzee mwenyewe hakuwahi kufuga hata kuku. Magonjwa ya mifugo aliyasoma kutoka kwa wateja, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwauliza maswali mpaka wachoke.

Bahasha yangu hakuifungua. Alinisogezea chupa ya dawa ya minyoo akasema, "Niuzie."

Nikasoma maandishi yote ya kwenye chupa kwa sauti, mpaka jina la kiwanda.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hujaniuliza nina mnyama gani."

Nilidhani nimekosa kazi. Akaniambia nije kesho saa mbili kamili, nivae viatu vya kufunika vidole, kwa sababu dawa ya kuogeshea ng'ombe ikimwagika miguuni hainyamazi.

Wiki ya kwanza nilifanya makosa ya mtu aliyesoma. Alikuja mzee mmoja Mwarusha, mashuka mawili begani, akaniambia ng'ombe wake "ana moto". Nikaanza kumweleza aina za homa. Mzee Hamadi akanigusa kiwiko, akamgeukia mteja: anakula? Anakohoa? Kinyesi kikoje? Shika hapa chini ya sikio, kuna tezi? Kwa maswali manne akawa amejua ni ndigana kali, ile ya kupe, na akamtolea dawa yake. Mteja alipoondoka aliniambia, "Huyu hakuja kununua chupa. Ana mnyama nyumbani anaumwa. Anza na mnyama." Sikuwahi kupata mafunzo mengine ya maana kuliko hayo, na niliwahi kupelekwa semina za hoteli.

Vifaa vyetu mnavijua, ila hamvijui vilivyokuwa. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, tunayachemsha kwenye sufuria iliyoandikwa "SI YA CHAI" kwa rangi nyekundu, baada ya mlinzi mmoja kukosea. Friji la chanjo lilikuwa moja, na umeme ukikatika tunalifunika blanketi na hakuna anayeruhusiwa kulifungua hata kuchungulia. Na zile alama za misumari kwenye kaunta, ambazo Baraka uliniuliza kama ni za mchwa, ni mizani. Mzee Hamadi alizipigilia mwenyewe. Mfugaji hana mahali pa kupimia ng'ombe, kwa hiyo tulimfundisha achukue kamba, aizungushe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, afunge fundo pale inapokutana, atuletee kamba. Tunailaza kwenye kaunta, tunasoma msumari, tunapata uzito wa kukisia, tunajua dawa kiasi gani. Nimeona kamba za katani, za nailoni, mkanda wa suruali, na mara moja tai ya mwinjilisti.

Sasa fedha, kwa sababu ndiyo mliyotaka niandike baada ya ule mkutano wa kata.

Miaka yangu mingi noti zilikuwa ndiyo maisha. Siku ya mnada wa Kisongo tulizijua kwa harufu kabla hatujaziona: moshi, samli, jasho la ng'ombe. Zilitoka kwenye soksi, kwenye kofia, chini ya mkanda wa kisu. Kero zake nazijua na sitaki mtu anipambie habari ya zamani. Chenji haikuwahi kutosha. Tulirudisha pipi, tukarudisha viberiti, na bibi mmoja wa Oldonyosambu alikusanya pipi zetu mwaka mzima akaja kununua dawa ya kupe kwa pipi. Mzee Hamadi alimpa. Mimi mwenyewe nilipokea noti bandia ya elfu kumi kutoka kwa mtu aliyevaa suti, nikaigundua baada ya kumsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. Tangu hapo nilipapasa kila noti kwa kidole gumba, na za wenye suti nilizipapasa mara mbili.

Pesa za simu zilipokuja nilizipokea kwa mikono miwili. Kuna mfugaji mmoja wa Momela, Bwana Pallangyo, anafuga mbuzi karibu na mpaka wa hifadhi. Kabla ya simu, mbuzi wake wakianza kukohoa alitembea, akasubiri gari, akafika kwetu mchana, akarudi kesho yake, na kila safari alikuta wawili au watatu wamelala chini. Baada ya simu alinipigia asubuhi, tukaulizana maswali yetu, akatuma fedha, nikampa dereva wa gari la Momela kifurushi, na kabla ya jua la saa nane alikuwa anachoma sindano. Mwenye kuniambia simu ni mbaya nitamtuma kwa Bwana Pallangyo.

Kwa hiyo zamani tulipokea vyote viwili, wala hatukuliita jambo hilo kwa jina lolote. Mtu alilipa kwa alichonacho.

Kisha Mzee akaporwa. Ilikuwa saa nne kasoro asubuhi, watu wamejaa barabarani. Alikuwa anakwenda benki kwa miguu kama alivyokwenda siku zote, mkoba wa mauzo mkononi, mshipi wa mkoba umezungushwa kwenye kifundo cha mkono ili usichomoke. Pikipiki ya watu wawili ikapita, wa nyuma akaudaka mkoba. Mshipi haukukatika. Alivutwa mpaka mbele ya duka la vioo. Nilimkuta amekaa chini, kiatu kimoja hakipo, anawaambia watu wasimwinue kwa sababu nyonga imekwenda. Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayemweleza mteja. Alilazwa wiki nyingi. Alirudi nyumbani na fimbo, na dukani hakurudi.

Aliyekuja kushika duka ni binti yake wa mwisho, Zuhura, aliyekuwa anafanya kazi Dar es Salaam kwenye ofisi ya kampuni ya usafirishaji. Glory, wewe ulikuwa umeajiriwa tayari, unakumbuka alivyokuja: daftari moja, simu mbili, na hasira aliyoikunja vizuri. Wiki ya pili akabandika tangazo mlangoni: TUNAPOKEA MALIPO YA SIMU NA KADI TU.

"Mama Nnko," aliniambia, "mwizi akijua humu hamna hata shilingi, atakuja kutafuta nini? Chanjo ya kuku?"

Nitasema ukweli, sikutafuta jibu. Nilifurahi. Noti za uvundo zimekwisha, ugomvi wa chenji umekwisha, na sitamwona tena mtu ninayemheshimu amekaa barabarani na kiatu kimoja.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda. Wafugaji wa mjini na wenye mashamba makubwa walilipa kwa simu kama kawaida. Baadhi ya wateja wa kutoka mbali waligeuka mlangoni, na kwa kuwa waligeuka kimya, hatukuwahesabu. Fundi wa mabodi jirani alianza kuwalipia watu kwa simu yake na kuwakata kidogo juu, mpaka mtu mmoja akaniuliza kama siku hizi dawa za ng'ombe zinauzwa na mafundi magari. Nilicheka. Ningepaswa kuuliza ni wangapi wanapita kwa fundi, na wangapi hawapiti kabisa.

Halafu akaja Mama Naserian.

Ilikuwa Jumatatu, kama saa nne. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, wa upande wa Kisongo, Kiswahili chake ni cha kuchagua neno moja moja na kuliweka mahali pake. Alinisalimu shikamoo, nikamwitikia, akalaza kamba kwenye kaunta kabla sijamwomba. Fundo lilikuwa limefungwa mahali sahihi kabisa.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Yeye alifundishwa hapa."

Nikamuuliza ana nini ng'ombe wake.

"Ana joto. Tezi hapa." Akajigusa chini ya sikio. "Jana asubuhi alikataa majani. Ana ndama, maziwa yamepungua."

"Anakohoa? Anatoa povu puani?"

"Bado."

Nilifarijika. Ndigana kali ikikamatwa siku ya pili, kabla ya mapafu, dawa yake inafanya kazi mara nyingi. Nilisoma msumari, nikatoa chupa, nikamweleza: nyama ya shingo, si mshipa, dozi yote, na kesho kutwa mwangalie tena. Alirudia maneno yangu yote bila kukosea. Kisha akatoa soksi ya mtoto, akaanza kuchomoa noti.

"Mama, hatupokei fedha taslimu. Una simu?"

"Simu ni ya mume wangu. Laini ina jina lake. Yeye yuko Simanjiro na ng'ombe wengine." Akafikiri kidogo. "Kitambulisho changu bado hakijatoka. Bila hicho hawanipi laini."

"Basi mwombe fundi hapo nje akulipie."

Alitoka, akarudi. Mtandao wa malipo ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Fundi hawezi, wakala hawezi, mimi mwenyewe nikijaribu siwezi. Kwa muda huo, Arusha nzima, kitu pekee kilichokuwa na uwezo wa kununua dawa ile kilikuwa kwenye soksi ya yule mama.

Nikampigia Zuhura, alikuwa Njiro kwa mwagizaji wa dawa. Nikamweleza. Akasema, "Mama, tukifungua kwa mmoja tumefungua kwa wote. Mtandao utarudi. Asubiri."

Glory, ulikuwa umesimama karibu yangu. Uliniangalia. Ulikuwa unasubiri nifanye lile ambalo wewe, kwa ugeni wako, usingeweza kulifanya. Nilikuwa nimebakiza miezi minane kustaafu na sikutaka kumaliza kwa ugomvi na mtoto wa Mzee Hamadi. Nikamwambia yule mama akae kwenye benchi.

Akakaa. Chupa niliiacha kwenye kaunta, mbele yake. Mpaka leo sijui kwa nini sikuirudisha rafuni. Saa tano akaniuliza, "Bado?" Nikasema bado. Saa sita akauliza tena. Saa saba kasoro nilikuwa ndani natafuta chanjo ya mteja mwingine, na nilipotoka benchi lilikuwa tupu. Mtandao ulirudi saa nane.

Alhamisi alirudi. Nilipomwona mlangoni nilijiandaa kutukanwa, na nilitaka nitukanwe. Hakunitukana. Alinisalimu vilevile, akaweka chupa tupu kwenye kaunta.

"Amekufa jana alfajiri," alisema. "Nimekuja kuuliza tu. Nilichoma vibaya, au dawa siyo?"

Kumbe Jumatatu ile alitembea mpaka kwenye kibanda kimoja kule sokoni kinachopokea fedha bila kuuliza kitu. Nilivaa miwani. Ilikuwa dawa ya kawaida ya vidonda na homa, haiwezi kitu kwa ndigana kali, na tarehe ya mwisho ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe.

"Hukukosea wewe," nikamwambia. "Dawa siyo. Hata mimi ningechoma hii, angekufa."

Alishusha pumzi. "Nilidhani ni mkono wangu."

Nikaketi.

Akaniambia yule ng'ombe alikuwa wake peke yake, alipewa na mama yake, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yanajaza ile soksi. Fedha ya soksi hakuna aliyemuuliza ameipata wapi wala ameipeleka wapi. "Mume wangu akirudi atasema nimemuua mimi," alisema. "Si mtu mbaya. Lakini atasema. Na mama yake atasema, na watoto watasikia. Niandikie. Andika kwamba dawa siyo. Piga mhuri."

Nikachukua karatasi yenye jina la duka. Nikaandika kwamba nimeikagua chupa, si dawa ya ndigana kali, muda wake umefutwa, na mwenye ng'ombe alitambua ugonjwa mapema na kwa usahihi. Nikafika hapo nikasimama. Kisha nikaandika na mstari mwingine: kwamba mama huyu alifika kwanza dukani kwetu siku ya Jumatatu akiwa na fedha kamili, nasi hatukumuuzia dawa kwa sababu fedha yake ilikuwa taslimu.

Mhuri ulikuwa ofisini kwa Zuhura. Mlango wake ulikuwa wazi, alikuwa amesikia yote. Akatoka, akaichukua karatasi, akaisoma. Niliona macho yake yanafika mwisho, yanarudi juu, yanafika mwisho tena.

"Huu mstari wa mwisho una kazi gani?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo sababu alikwenda kibandani."

Mama Naserian alitutazama, mmoja kisha mwingine. Hakuwa anajua kusoma, lakini alijua kinachojadiliwa ni chake. Zuhura akaingia ofisini, akarudi na mhuri, akaugonga juu ya mstari ule ule, akatia sahihi.

"Ndama yuko hai?" akauliza.

"Yuko. Analia."

Zuhura akanitazama mimi, kwa sababu mambo ya ndama hayajui. Nikamweleza Mama Naserian habari ya maziwa ya mbuzi, ya vuguvugu, mara ngapi kwa siku, na namna ya kumtia kidole mdomoni ajifunze kunywa kwenye ndoo. Alirudia maneno yangu yote, akaikunja karatasi, akaitia kwenye soksi. Soksi ilikuwa tupu, ikaingia vizuri.

Alipoondoka, Zuhura alifunga mlango wa ofisi na mimi ndani. Hapo ndipo tuligombana, na nadhani Glory ulisikia.

"Unataka nife kama baba alivyokaribia kufa?"

"Sitaki."

"Basi unataka nini, Mama Nnko? Unaniandikia kwa mhuri wangu kwamba nimeua ng'ombe."

"Nimeandika sisi. Mimi ndiye niliyemkalisha kwenye benchi."

Akalia, na mimi nikalia, halafu Glory ukagonga kuuliza bei ya chumvi ya kulamba.

Jumamosi mchana alinichukua tukaenda kumwona baba yake nyumbani. Nilidhani Mzee atakuwa upande wangu. Ni yeye aliyepokea pipi. Nilikosea. Alitusikiliza, mkono umeshika fimbo, akasema, "Sitaki noti dukani kwangu. Nikiisikia pikipiki mpaka leo nashika ukuta. Msiniletee habari ya ng'ombe." Akageukia dirishani. Sikuwa nimewahi kumwona anaogopa, na sikumlaumu. Tulikunywa chai, tukaondoka.

Ndani ya gari Zuhura hakuwasha injini. "Kilichomuumiza baba si noti," alisema. "Ni kutembea na noti za siku mbili kwa pamoja." Wakala wa benki yuko mlango wa tatu kutoka kwetu. Jumatatu iliyofuata tangazo lilibanduliwa, likawekwa jingine: fedha taslimu zinapokelewa mpaka saa tisa alasiri. Droo ikifika kiasi alichokipanga, mmoja wenu anatoka na mwenzake wakati wowote, hatua thelathini, anaweka kwa wakala, anarudi na risiti. Dukani hapakai fungu la kumvutia mtu. Baraka, ndiyo maana uliajiriwa mwezi ule. Hukuambiwa hivyo kwenye usaili, lakini ni yule ng'ombe aliyekupa kazi.

Mzee tulimwambia. Wiki mbili baadaye yeye mwenyewe akampigia wakala kumuuliza anafunga saa ngapi.

Ule mkutano wa kata mlinisikia, ila nitaandika nilichokisema kwa sababu spika ilikuwa mbovu. Ajenda ilikuwa pendekezo la kuzilazimisha biashara zote ziendelee kupokea fedha taslimu. Bwana Swai wa vipuri alisimama akauliza, akilazimishwa kupokea noti, nani atalazimishwa kumlinda? Alipigiwa makofi, na nami nilipiga. Ni swali la haki. Mwingine akasema dunia inakwenda mbele, wasio na simu watazoea. Huyo sikumpigia.

Nilisimulia habari ya Mama Naserian, pamoja na benchi. Nikasema kwamba noti imeandikwa kuwa ni fedha halali, nimeisoma upya kwa miwani, wala haikuandikwa kwamba ni halali mtandao ukiwepo. Nikasema mwenye kuuza saa za ukutani aachwe achague. Lakini anayeuza dawa, ya mtu au ya mnyama, anayeuza chakula, anayebeba abiria, huyo alazimishwe, kwa sababu mteja anayekataliwa hana pa kwenda, au ana pa kwenda kama kile kibanda. Na wanaolazimisha walete na ulinzi na mawakala wa karibu, wasilete karatasi tu. Zuhura alisimama baada yangu. Watu walijua yaliyompata baba yake, wakadhani anapinga. Alisema, "Mimi ndiye niliyegonga mhuri. Naunga mkono," akakaa. Maoni yaliandikwa yakapelekwa juu. Mpaka leo sijasikia yaliyojibiwa, na kwenye kamati zangu zote hakuna inayojua.

Nimalizie na wiki yangu ya mwisho, kwa sababu Glory hukujua kilichotokea mbele yako. Ilikuwa siku ya mnada. Nilikuwa stoo, mlango uko nusu wazi, napanga mabomba ya sindano. Nikasikia sauti inayochagua neno moja moja. Ilikuwa Mama Naserian, nawe Glory, baada ya miezi ile, hukumtambua. Alitaka dawa ya minyoo.

Ulimuuliza mnyama gani. Akasema mtamba, ndama jike, ana miezi tisa, mama yake alikufa. Ukauliza anakula vizuri, kinyesi kikoje, umempima kwa kamba? Akalaza kamba. Ukasoma msumari, ukamtajia bei. Akatoa noti mbili. Ukazipapasa kwa kidole gumba, ukamrudishia chenji kamili, ukamwambia karibu tena, ukamgeukia anayefuata.

Nilikuwa na hatua nne tu kufika kwenye kaunta. Sikutoka. Ningetoka ningemsalimu, ningemwomba radhi, naye angelazimika kusimama pale kunifariji mbele ya foleni. Nilibaki stoo na bomba mkononi mpaka nikasikia mlango unafungwa. Alikuja kununua dawa ya mtamba wake, akaipata, akaenda zake.